Mivinyo Iliyoumbwa na Bahari: Historia ya Porto, Madeira na Constantia

Mvinyo hupatikana pale maji ya zabibu yanapochachuka, yaani pale viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, viitwavyo chachu, vinapoila sukari iliyomo katika tunda na kuigeuza kuwa kileo. Kwa kuwa ladha ya tunda hutegemea udongo, mvua, jua na mwinuko wa ardhi, imekuwa desturi ya wanywaji na waandishi kuueleza kila mvinyo kwa jina la mahali ulikotoka, kana kwamba mahali hapo penyewe ndipo palipouumba. Desturi hiyo ina msingi, lakini inaficha nusu ya historia. Mivinyo kadhaa iliyopata sifa kubwa kati ya karne ya 17 na karne ya 19 haikutokana na ardhi pekee, bali ilitokana pia na njia za bahari zilizoibeba, na sheria za ushuru zilizoifungulia masoko au kuifungia, na wanywaji wa nchi za mbali waliotaka ibadilishwe ili iwafae, na jasho la watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Makala haya yanaichunguza mivinyo mitatu ya aina hiyo, nayo ni Porto wa kaskazini mwa Ureno, Madeira wa kisiwa cha Wareno kilicho katika Bahari ya Atlantiki, na Constantia wa Rasi ya Tumaini Jema.

Tatizo la mvinyo safarini

Kabla ya chupa za bei nafuu na vizibo vya gome kuenea, mvinyo ulihifadhiwa na kusafirishwa ndani ya mapipa ya mbao, na pipa, hata likiundwa kwa ustadi namna gani, hupitisha hewa kidogo kidogo. Mvinyo mwepesi ukikutana na hewa huanza kugeuka siki, na joto huharakisha mageuzi hayo, hivyo pipa lililopakiwa likiwa na kinywaji kizuri liliweza kufunguliwa baada ya miezi kadhaa likiwa na kitu kisichonyweka. Hata hivyo, merikebu za masafa marefu hazikuweza kuacha mvinyo nyuma, kwa sababu maji ya kunywa nayo yaliharibika ndani ya mapipa, na mabaharia wa Ulaya ya kusini walihesabu mvinyo kuwa sehemu ya posho yao. Wareno waliofika Msumbiji, Mombasa na Malindi pamoja na Vasco da Gama mwaka 1498 walikuwa na shehena ya mvinyo kwa ajili ya chakula cha kila siku na kwa ajili ya ibada ya misa, kama walivyokuwa nayo wenzao waliowafuata katika njia ya India.

Kwa hiyo swali lililowakabili wakulima na wafanyabiashara kwa karne tatu lilikuwa ni kwa namna gani mvinyo ungefika salama upande wa pili wa bahari. Majibu makuu yalikuwa matatu: kuongeza kileo, kutumia joto lenyewe lililodhaniwa kuwa adui, na kukusanya sukari nyingi ndani ya tunda kabla ya kulikamua. Porto ulijengwa juu ya jibu la kwanza, Madeira ukaunganisha la kwanza na la pili, na Constantia ukategemea la tatu. Kilichoanza kama dawa ya kuzuia hasara kiligeuka kuwa ladha yenyewe, na wanywaji walipokwisha kuizoea hawakutaka tena kinywaji cha asili kilichokuwapo kabla yake.

Porto: mvinyo wa mikataba na mipaka

Bonde la mto Douro linalozaa mvinyo wa Porto linaanzia umbali wa kilomita zipatazo 100 kutoka baharini, nyuma ya milima ya Marão inayozuia mvua za Atlantiki, na kwa sababu hiyo majira yake ya joto ni makavu na makali, yakiweza kupita nyuzi 40 za Selsiasi. Ardhi yake si udongo wa kawaida bali ni shisti, yaani mwamba unaopasuka kwa matabaka, ambao ulivunjwa kwa mikono na kupangwa kuwa kuta za matuta ya ngazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na vibarua waliovuka mpaka kutoka Galicia, nchini Hispania, pamoja na wanavijiji wa bonde lenyewe.

Mizabibu ilikuwako Douro tangu zamani za Warumi, lakini umaarufu wake wa kimataifa uliletwa na ugomvi wa mataifa mengine. Kati ya mwaka 1678 na 1685 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku uingizaji wa bidhaa za Ufaransa, mvinyo ukiwa mmojawapo, na vita vilivyoanza mwaka 1689 baina ya nchi hizo mbili viliifanya biashara hiyo iwe ngumu zaidi, ndipo wafanyabiashara wa Kiingereza waliozoea kununua mvinyo wa Bordeaux wakaigeukia Ureno. Mwaka 1703 John Methuen, balozi wa Uingereza, alitia saini mkataba ulioitwa kwa jina lake, ambao uliruhusu vitambaa vya sufu vya Uingereza kuingia Ureno na, kwa upande wa pili, ukaagiza kwamba ushuru wa mvinyo wa Ureno usizidi theluthi mbili za ule uliotozwa mvinyo wa Ufaransa. Tangu wakati huo Mwingereza wa kawaida alikunywa mvinyo wa Douro kwa sababu mkataba uliufanya uwe wa bei nafuu, na mapenzi ya ladha yalikuja baadaye.

Mvinyo huo wa mwanzo ulikuwa mkali na mkavu, na ili uvumilie safari wafanyabiashara waliongeza brandi kidogo, yaani pombe kali inayopatikana kwa kuukeneka mvinyo, kuupasha moto hadi utoe mvuke kisha kuupoza mvuke huo uwe kiowevu tena. Hatua kwa hatua, brandi iliongezwa kwa kiasi kikubwa na mapema zaidi, wakati zabibu zilizokanyagwa zikiwa bado zinachachuka. Kileo kinapopanda kwa ghafula chachu hufa, na sukari ambayo ilikuwa haijaliwa hubaki ndani ya mvinyo, na matokeo yake ni kinywaji kitamu, kizito na chenye kileo cha asilimia 19 hadi 22. Utaratibu huo, ambao leo unachukuliwa kuwa ndiyo asili ya Porto, ulikamilika na kukubalika na wote katika karne ya 19 tu, na hata wakati huo ulipingwa na watu wenye sauti kubwa, akiwamo mfanyabiashara na mchora ramani Joseph James Forrester, aliyeamini kwamba mvinyo wa Douro ulipaswa kubaki bila kuongezwa kitu, na ambaye alikufa maji katika mto huohuo mwaka 1861.

Soko lilipopanuka, udanganyifu nao ulikua. Wauzaji waliongeza sukari na maji ya matunda meusi ya mti uitwao sabugueiro ili kuupa mvinyo hafifu rangi ya mvinyo bora, sifa ikaharibika Uingereza na bei ikaporomoka katikati ya karne ya 18. Hapo ndipo waziri mwenye nguvu wa mfalme wa Ureno, Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye historia inamjua kwa cheo chake cha baadaye cha Marquês de Pombal, alipounda mwaka 1756 kampuni ya kifalme ya kusimamia mvinyo wa Douro. Kampuni hiyo ilipanga bei, ikaamuru miti ya sabugueiro ing'olewe, na ikaweka mpaka wa eneo ambalo mvinyo wake pekee ungeweza kusafirishwa kwa jina hilo, mpaka ambao uliwekewa nguzo 335 za mawe ya matale. Ingawa Tokaj huko Hungaria na Chianti huko Italia walikuwa wametangulia kutambua mipaka yao, Douro lilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza duniani kuwa na mpaka unaosimamiwa na chombo chenye mamlaka kamili. Gharama ya utaratibu huo haikuwa ndogo, kwa maana wenye vilabu na watu wa kawaida wa mji wa Porto, walionyang'anywa uhuru wa kuuza na kununua, waliandamana mwaka 1757 na serikali ikawaadhibu vikali, baadhi yao wakinyongwa.

Mvinyo uliteremshwa mtoni kwa mashua za tanga zenye chini bapa ziitwazo rabelo, zilizopita maporomoko ya hatari hadi Vila Nova de Gaia, mji ulio ng'ambo ya Porto, ambako hewa ya bahari ilikuwa ya ubaridi uliofaa kukomaza mvinyo ndani ya maghala. Jina la Porto, kwa hiyo, si la shamba bali ni la bandari iliyoutoa mvinyo huo kwenda nje. Tangu mwaka 1926 hadi 1986 sheria iliagiza kwamba mvinyo wote wa Porto unaouzwa nchi za nje upitie katika maghala ya Gaia, na mkulima wa Douro hakuweza kuuza moja kwa moja kwa mteja wa ng'ambo hata kama alikuwa na mvinyo bora kuliko wa wenye maghala. Mwaka 2001 matuta ya Alto Douro yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, heshima iliyochelewa kwa kazi ya mikono ya vizazi vingi.

Madeira: mvinyo uliokomazwa na joto la merikebu

Kisiwa cha Madeira kiko magharibi ya pwani ya Morocco, nacho hakikuwa na wakazi hadi Wareno walipoanza kukikalia mnamo mwaka 1420. Ni kisiwa cha volkeno chenye miteremko mikali na ardhi tambarare kidogo sana, na kwa hiyo kilimo chake kilihitaji matuta membamba yanayoitwa poios na mifereji mirefu iitwayo levadas inayoteremsha maji kutoka upande wa kaskazini wenye mvua. Sehemu ya kazi hiyo ya mwanzo ilifanywa na watumwa waliochukuliwa kutoka visiwa vya Kanari, Afrika ya Kaskazini na Afrika ya Magharibi, kwa kuwa zao kuu la kisiwa katika karne ya 15 lilikuwa miwa, na Madeira ilikuwa mahali ambapo Wareno walijaribu mfumo wa sukari na utumwa kabla ya kuuhamishia Brazili. Mizabibu ililetwa mapema pia, na Mveneti Alvise Cadamosto, aliyepita hapo mwaka 1455, aliandika juu ya mivinyo mizuri ya kisiwa na juu ya mizabibu ya malvasia iliyotoka Krete. Sukari ya Brazili ilipoishinda ile ya kisiwa katika karne ya 16, mvinyo ulishika nafasi yake.

Bahati ya Madeira ilikuwa mahali ilipo. Merikebu iliyotoka Ulaya kaskazini ikielekea Karibi, Amerika ya Kaskazini, Brazili au India ilishuka kusini kutafuta pepo za kudumu zinazovuma kuelekea magharibi, na bandari ya Funchal ilikuwa kituo kilichofaa kuongeza maji, mboga na mvinyo. Bahati ya pili ilitoka katika sheria, maana mwaka 1663 Bunge la Uingereza liliamuru kwamba bidhaa za Ulaya zisipelekwe katika makoloni yake ya Amerika isipokuwa baada ya kupakiwa Uingereza kwenyewe, lakini likatoa ruhusa maalumu kwa mivinyo ya Madeira na ya visiwa vya Azori. Kwa ruhusa hiyo, mvinyo wa Madeira ukawa karibu mvinyo pekee wa Ulaya ulioweza kwenda moja kwa moja hadi Boston, Philadelphia, Charleston au Jamaica bila kubeba gharama za kuzunguka kupitia London.

Katika safari hizo ndipo lilipoonekana jambo lililokwenda kinyume na uzoefu wote. Mvinyo uliokaa miezi mingi tumboni mwa merikebu, ukitikiswa na mawimbi na kupashwa joto na jua la tropiki, haukuharibika kama mivinyo mingine bali ulikuwa bora, na mapipa yaliyovuka bahari na kurudi bila kuuzwa yalionekana kuwa na ladha ya kina kuliko yale yaliyobaki kisiwani. Sababu yake inaeleweka leo: zabibu za Madeira zina asidi nyingi, na kuanzia katikati ya karne ya 18 mvinyo wake uliongezwa brandi, hivyo ulikuwa na nguvu ya kuhimili joto, na joto hilo pamoja na hewa iliyopenya katika mbao viliugeuza polepole rangi na harufu hadi ukafanana na karanga zilizokaangwa, sukari iliyoungua na ganda la chungwa. Kwa kuwa mageuzi ambayo huua mivinyo mingine yalikuwa yamekwisha kuutokea Madeira kabla haujafikishwa mezani, hapakubaki kitu cha kuuharibu, ndiyo maana mvinyo huo huweza kuishi zaidi ya karne moja ndani ya chupa, na hata chupa iliyofunguliwa hudumu kwa miezi mingi.

Wafanyabiashara hawakuchelewa kulitumia jambo hilo. Mvinyo uliopelekwa makusudi hadi nchi za joto na kurudishwa uliitwa vinho da roda, yaani mvinyo wa mzunguko, nao uliuzwa kwa bei ya juu kuliko mwingine. Huko Charleston na Savannah, katika majimbo ya kusini ya Marekani, matajiri waliuweka mvinyo wao darini chini ya paa lenye joto badala ya kuuweka katika vyumba baridi vya chini ya ardhi, na mara nyingi waliuita kwa jina la merikebu iliyouleta badala ya jina la shamba. Desturi hiyo ya majina ni ushahidi wa wazi kwamba wanywaji wenyewe walielewa ni nini kilichokuwa kimeutengeneza mvinyo wao.

Mapenzi ya Wamarekani kwa Madeira yaliingia hata katika siasa. George Washington aliagiza pipa zima kwa ajili ya nyumba yake ya Virginia mwaka 1759, na mwezi Juni mwaka 1768 maofisa wa forodha wa Uingereza waliikamata Boston merikebu iitwayo Liberty, mali ya mfanyabiashara John Hancock, kwa madai kwamba ilikuwa imeshusha usiku sehemu kubwa ya shehena ya mvinyo wa Madeira bila kulipa ushuru. Mapipa 25 ndiyo yaliyoandikishwa, na mashtaka yalidai kwamba mengine 100 yalipitishwa kwa siri, ilhali pipa moja la kipimo cha Madeira lilichukua takriban lita 418. Umati wa watu ulifanya ghasia na kuwafukuza maofisa hao, kesi ikafutwa baadaye, na tukio hilo likawa mojawapo ya yale yaliyochochea upinzani uliozaa uhuru wa Marekani.

Gharama ya kuzungusha mvinyo baharini ilikuwa kubwa, na mwishoni mwa karne ya 18 watengenezaji walianza kuiga hali ya merikebu bila kutoka bandarini. Njia moja, iitwayo estufagem, huupasha mvinyo joto ndani ya matangi, na kanuni za siku hizi zinataka joto la nyuzi 45 hadi 50 kwa muda usiopungua miezi mitatu. Njia nyingine, iitwayo canteiro kutokana na miti inayobeba mapipa, huyaweka mapipa darini kwa miaka isiyopungua miwili ili jua la kisiwa lifanye kazi taratibu, nayo ndiyo inayotumiwa kwa mivinyo bora. Aina zake kuu nne zimepangwa kwa utamu, kuanzia sercial iliyo kavu, kupitia verdelho na boal, hadi malvasia iliyo tamu kuliko zote, na tofauti hiyo hutokana na wakati ambapo brandi inaongezwa, kwa kuwa ikiongezwa mapema sukari nyingi hubaki, na ikichelewa sukari yote huwa imekwisha kuliwa na chachu. Aina ya tano, tinta negra, ndiyo inayolimwa zaidi, ingawa kwa muda mrefu jina lake halikuandikwa kwenye chupa.

Kadiri Funchal ilivyotajirika, mkulima hakutajirika pamoja nayo. Chini ya mfumo ulioitwa colonia, mkulima alijenga kuta, akapanda na kutunza mizabibu katika ardhi ya mmiliki aliyeishi mjini, kisha akamkabidhi nusu ya mavuno, na mfumo huo ulidumu kwa karne kadhaa hadi ulipofutwa baada ya mapinduzi ya Ureno ya mwaka 1974. Maji ya zabibu yaliyokamuliwa vijijini yaliteremshwa hadi mjini na wachukuzi walioitwa borracheiros, waliobeba viriba vya ngozi ya mbuzi mabegani mwao katika njia za milimani ambazo gari halikuweza kupita.

Constantia: utamu uliojengwa na watumwa

Rasi ya Tumaini Jema ilianza kama kituo cha safari. Jan van Riebeeck alifika hapo mwezi Aprili mwaka 1652 kwa niaba ya Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, akiwa na jukumu la kulima mboga na kutafuta nyama kwa ajili ya merikebu zilizokwenda Asia, ambazo mabaharia wake walikuwa wakifa kwa kiseyeye, ugonjwa unaotokana na ukosefu wa vyakula vibichi. Mizabibu ilipandwa mwaka 1655, na tarehe 2 Februari 1659 van Riebeeck aliandika katika shajara yake kwamba zabibu za Rasi zilikuwa zimekamuliwa mvinyo kwa mara ya kwanza.

Mivinyo hiyo ya mwanzo ilikuwa duni, na aliyebadilisha hali hiyo alikuwa Simon van der Stel, mkuu wa koloni kuanzia mwaka 1679, ambaye mwenyewe alizaliwa safarini karibu na Mauritius na ambaye bibi yake mzaa mama alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Mwaka 1685 alipewa ardhi kwenye miteremko iliyo nyuma ya Mlima wa Meza, inayopata upepo wa bahari, akaiita Constantia, akapanda mizabibu kwa uangalifu mkubwa. Baada ya kifo chake mwaka 1712 shamba liligawanywa, na sehemu iliyoitwa Groot Constantia ilipata sifa yake ya juu kabisa baada ya kununuliwa na Hendrik Cloete mwaka 1778. Zabibu, hasa za aina ya muscat zenye harufu kali ya maua, ziliachwa juu ya mzabibu hadi zikaanza kunyauka, maji yakapungua na sukari ikazidi, na mvinyo uliotokana nazo ukawa mtamu kiasi cha kujilinda wenyewe dhidi ya kuharibika wakati wa safari ndefu ya kwenda Ulaya. Napoleon aliunywa katika kifungo chake kisiwani Mtakatifu Helena kuanzia mwaka 1815 hadi kifo chake mwaka 1821, na Jane Austen aliutaja katika riwaya yake ya mwaka 1811, Sense and Sensibility, kuwa dawa ya moyo uliovunjika.

Nyuma ya sifa hiyo kuna historia inayowagusa moja kwa moja watu wa Afrika Mashariki. Kampuni ya Kiholanzi haikutaka kuwatumikisha kwa nguvu wenyeji wa Rasi, Wakhoikhoi, kama watumwa, bali ilileta watumwa kutoka ng'ambo, na inakadiriwa kwamba kati ya mwaka 1652 na 1808 watu wapatao 63,000 walipelekwa huko kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska, Msumbiji na sehemu nyingine za pwani ya mashariki ya Afrika. Katika miaka ya 1776 hadi 1778 merikebu za kampuni hiyo zilifika Zanzibar na bandari nyingine za pwani ya Waswahili kwa biashara hiyo hiyo. Shamba la mizabibu lilihitaji mikono mingi ya kupogoa matawi, kupalilia, kuvuna na kukanyaga zabibu, na takribani kazi yote hiyo ilifanywa na watumwa, wa Constantia na wa mashamba mengine. Waingereza walipoitwaa Rasi na kupunguza sana ushuru wa mvinyo wake mwaka 1813, mashamba yalipanuka kwa haraka, na mzigo wa upanuzi huo ukawaangukia watumwa.

Utumwa ulifutwa katika makoloni ya Uingereza mwaka 1834, lakini waliokuwa watumwa walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wao hadi tarehe 1 Desemba 1838. Hata baada ya hapo, mashamba mengi ya Rasi yaliwalipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa mvinyo hafifu, mfumo ulioitwa dop, ambao uliendelea katika baadhi ya mashamba hata baada ya kupigwa marufuku na sheria katika karne ya 20, na madhara yake ya ulevi na ya watoto waliozaliwa na kasoro kwa sababu ya pombe bado yanaonekana katika jamii za wafanyakazi wa mashamba hayo.

Njia zilipobadilika

Bahari iliyoijenga mivinyo hii ndiyo iliyoleta maangamizi yake. Katika miaka ya 1850 ukungu uitwao oidiamu, uliotoka Amerika ya Kaskazini, ulishambulia mizabibu ya Ulaya na Madeira. Kisha ikaja filoksera, mdudu mdogo anayefyonza mizizi, ambaye alitoka bara hilohilo, na ambaye aliweza kufika akiwa hai kwa sababu meli za mvuke zilikuwa zimefupisha safari iliyokuwa ikimuua zamani. Filoksera ilifika Douro katika miaka ya 1860, Madeira mwaka 1872 na Rasi mwaka 1886, na haikupatikana tiba ya kudumu isipokuwa kuunganisha matawi ya mizabibu ya Ulaya na mashina ya mizabibu ya Amerika, ambayo mizizi yake inamhimili mdudu huyo.

Wakati huohuo Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869, uliondoa merikebu za India katika njia ya Funchal na ya Rasi. Madeira ilipoteza pia wateja wake wa Urusi baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, na wa Marekani baada ya pombe kupigwa marufuku huko kuanzia mwaka 1920 hadi 1933. Upande wa Rasi, Uingereza ilikwisha kuondoa nafuu ya ushuru katika miaka ya 1860 na mvinyo wa Ufaransa ukarudi kwa bei ndogo. Groot Constantia ilinunuliwa na serikali ya koloni mwaka 1885, na mvinyo wake mtamu wa zamani ukatoweka kwa karibu karne nzima, hadi shamba jirani la Klein Constantia lilipoufufua kwa mavuno ya mwaka 1986.

Hatima za mivinyo hii mitatu zinatofautiana kwa sababu zinazoeleweka. Porto ulisalia kwa kuwa ulikuwa na mpaka, sheria na chombo cha kuisimamia. Madeira ulisalia kwa kuwa watengenezaji wake waliweza kuihamishia safari ya bahari ndani ya maghala yao. Constantia ulitoweka kwa kuwa ulitegemea nafuu ya ushuru ya serikali ya mbali na kazi ya watu wasio huru, na viwili hivyo vilipoondoka haukuwa na nguzo nyingine ya kuegemea. Hukumu inayotokana na ulinganisho huu ni kwamba ubora wa ardhi huanzisha sifa ya mvinyo lakini hauwezi peke yake kuidumisha, na kwamba anayetaka kuuelewa mvinyo wowote unaotajwa kwa heshima hana budi kuuliza, pamoja na mahali ulikotoka, ulipitia njia gani, ulilindwa na sheria ya nani, na ni nani aliyelima, aliyevuna na aliyebeba. Historia ya mvinyo isiyompa nafasi mchukuzi wa Madeira, kibarua wa Galicia na mtumwa aliyetolewa Msumbiji au Zanzibar ni historia ambayo bado haijakamilika, na kuikamilisha ni wajibu wa watafiti wa leo, wakiwamo wale wa pwani ambako baadhi ya watu hao walichukuliwa.